Kuinua Landrova ya Kikundi: Inchi Mbili Zatosha



Somo la toleo hili linahusu chombo ambacho vikundi vingi vya mashambani vinakitegemea, nacho ni Landrova ya zamani. Gari hili ndilo hupeleka mahindi sokoni na mabati shuleni. Usiku wa manane ndilo humkimbiza hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mvua ndefu zikianza Machi, barabara inachimbika, na gari linaanza kukwaruza tumbo. Hapo ndipo maneno hutokea kwenye mkutano: "Hii gari iko chini sana. Tuiinue!" Mmoja anasema inchi mbili. Kijana aliyeona magari ya mashindano anasema inchi sita. Mweka hazina ananyamaza, maana yeye ndiye anajua kilichoko kwenye sanduku.

Tunataka kuwasaidia mfanye uamuzi mzuri. Kuinua gari si jambo baya. Lakini gari likiinuliwa ovyo hupinduka, na mkiokoa chesi mtapoteza watu. Kwa hivyo ushauri wetu ni huu: kwanza rudisheni springi kwenye kimo chake cha zamani, mkiongeza, msipite inchi 2, yaani sentimita 5, halafu mchunge sana mzigo wa darini. Sasa tuone sababu, moja baada ya nyingine.

1. TULIJUE GARI LETU

Landrova ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwaka wa 1948. Ile tunayoiona sana vijijini, Series III, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Baadhi ziliunganishwa hapa kwetu Thika. Maana yake ni kwamba hata ile changa kabisa ni mtu mzima, na springi zake zimebeba mizigo miaka mingi.

Series III ina springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, virefu kwa vifupi. Katika somo hili tutaviita majani ya springi. Jani lililo refu kuliko yote ndilo lenye matundu kwenye miisho, na humo hukaa bushi. Mwisho mmoja wa springi umefungwa moja kwa moja kwenye chesi. Mwisho wa pili umeshikwa na vipande viwili vya chuma vinavyocheza mbele na nyuma. Mafundi huviita sheko. Springi ikikandamizwa inanyooka na kuwa ndefu, na sheko ndiyo inayoipa nafasi. Katikati, springi imefungwa kwenye ekseli kwa boliti zilizopindwa kama herufi U.

Landrova 110, iliyotoka mwaka wa 1983, na zile zilizopewa jina la Defender kuanzia 1990, zina springi za kuviringika kama nyoka aliyejikunja. Toyota Land Cruiser nyingi za zamani zina springi za majani kama Series III. Hatua za kazi hazifanani kwa kila gari, lakini mafunzo ya uzito, breki na mzigo yanawahusu wote.

2. KWA NINI GARI LIMESHUKA?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pimeni. Hiki ni kipimo ambacho mwanakikundi yeyote anaweza kukifanya kwa futi ya fundi wa nguo.

Egesheni gari mahali tambarare, likiwa tupu. Hakikisheni tairi zina upepo sawa. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu, pale kwenye habu, kwenda juu wima hadi ukingo wa bodi. Fanyeni hivyo kwa magurudumu yote manne, mwandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Msipime kutoka chini, kwa sababu tairi iliyoisha itawadanganya.

Kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, hilo si jambo la kuinua gari bali ni la kutengeneza springi. Ingieni chini mtazame. Mtaona mojawapo ya mambo haya:

(a) Jani limevunjika. Angalieni ufa mwembamba wenye kutu nyekundu, hasa karibu na katikati au karibu na tundu la bushi. Jani lililovunjika halichomelewi kwa welding. Chuma cha springi kikichomelewa kinakuwa kama kigae, kitakatika tena, pengine siku mmejaza watu.

(b) Majani yameshikana kwa kutu. Springi inakuwa ngumu kama ubao, haichezi. Gari linaruka, na watu wanafikiri springi ina nguvu, kumbe imekufa.

(c) Springi imenyooka. Springi nzuri ina tao. Yenu ikiwa imelala kama rula, au imepinda kwa upande usiofaa, imechoka.

(d) Bushi zimeisha au sheko imekaa vibaya. Mkisukuma gari kwa mkono mtasikia kelele ya chuma kugonga chuma.

Mara nyingi gari ambalo watu wanasema "liko chini" ni gari lililochoka tu. Mkilirudishia springi nzuri, linapanda lenyewe, na ule mjadala wa kuinua unakwisha. Basi msianze kwa kutafuta kitu cha kuongeza kabla hamjajua kilichopungua.

3. KITU GANI KINAPANDA, NA KITU GANI HAKIPANDI?

Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza pesa. Tazameni ile tumbo ya chuma iliyo katikati ya ekseli. Hiyo ndiyo difu. Katika magari haya difu ndiyo sehemu iliyo karibu sana na ardhi. Sasa jiulizeni: difu inakaa kwenye nini? Inakaa kwenye ekseli. Na ekseli inakaa kwenye nini? Kwenye magurudumu. Springi haimo katika mstari huo.

Kwa hivyo hata mkiinua springi kwa futi nzima, difu itabaki pale pale. Kitakachopanda ni chesi, bampa, tangi la mafuta, ekzosi na bodi. Kama shida yenu ni bampa kuchimba ukingo wa mto mnapopanda, au chesi kukaa juu ya tuta, kuinua kutawasaidia. Kama shida ni difu kulima katikati ya barabara kwa sababu malori yamechimba mifereji miwili, kuinua hakutasaidia hata kidogo.

Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na yenyewe huinua kwa nusu tu: tairi ikizidi ya kwanza kwa inchi 2 kutoka juu hadi chini, difu inapanda inchi 1. Landrova ndefu ya inchi 109 kwa kawaida huvaa tairi ya 7.50-16. Kama mtu aliwauzia gari likiwa na tairi ndogo, kurudisha saizi yake kutawapa faida bila kugusa springi. Lakini msipite hapo. Tairi kubwa mno inalemea injini, inalemea breki, na zile shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, ambazo kwa Landrova za zamani zinajulikana kwa kukatika, zitakatika mapema zaidi.

4. KWA NINI INCHI MBILI TU?

Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Tupaite kitovu cha uzito. Mama anayebeba mtungi kichwani anajua jambo hili: akikanyaga jiwe, mtungi ndio unaomyumbisha, si miguu. Kitovu kikipanda juu, gari linapinduka kwa urahisi zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Kwenye Series III, kutoka katikati ya gurudumu la kushoto hadi katikati ya la kulia ni karibu sentimita 131. Nusu yake ni 65. Tuseme gari lina kilo 2,000, na kitovu chake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Gari lenu laweza kutofautiana kidogo, lakini funzo ni lile lile. Gari likiwa limesimama kwenye mteremko wa ubavu, litaanguka mteremko ukifika hapa:

— Gari tupu, halijainuliwa: digrii 41.
— Gari tupu, kitovu kimepanda inchi 2: digrii 39.
— Gari tupu, kitovu kimepanda inchi 6: digrii 36.
— Kitovu kimepanda inchi 2, na magunia mawili ya kilo 90 yako darini: digrii 36.

Tafadhali someni tena mistari miwili ya mwisho. Magunia mawili tu ya mahindi darini yamelifanya gari lililoinuliwa inchi mbili liwe hatari sawa na lile lililoinuliwa inchi sita! Na ni nani kati yetu hajaona Landrova yenye magunia manne darini, na juu ya magunia vijana watano?

Hesabu hii ni ya gari lililosimama. Gari linalotembea, linalokata kona, au ambalo gurudumu moja limeingia shimoni, huanguka kabla ya kufika digrii hizo. Kwa hivyo msiende kujaribu kwenye mlima.

Inchi 2 zinachukua usalama kidogo, na ukiendesha kwa adabu unaweza kuzivumilia. Isitoshe, kwa kawaida breki, propela na usukani huweza kuzizoea, ingawa ni lazima kukagua. Ukipita hapo, kila kitu kinadai kubadilishwa: shokabzoba, paipu za breki, pembe za propela, mpangilio wa usukani. Kazi moja inazaa nane, na kila moja ina bei yake.

5. NJIA ZA KUINUA: NZURI, ZA KATI NA MBAYA

Kuzifungua na kuzisafisha. Springi inatolewa, majani yanatenganishwa, yanapigwa brashi ya waya, yanapakwa grisi kidogo na kurudishwa pamoja na bushi mpya. Jani lililovunjika linabadilishwa kwa jani lenye upana na unene ule ule. Hii ni kazi ya gharama ndogo na gari huwa laini. Kikundi kianzie hapa.

Springi mpya. Hii ndiyo njia bora kama pesa zipo. Ziko zilizotengenezwa na tao la juu kidogo, za kuinua inchi 1 hadi 2. Ziko pia za aina ya majani machache, manene katikati na membamba kwenye miisho, ambayo hayasuguani kama yale ya zamani. Hizo ni laini sana kwa abiria, lakini zinahitaji shokabzoba nzuri. Nunueni mbili kwa ekseli moja, msinunue moja. Na muwe macho: kwa Series III springi za kiwanda za upande wa dereva mara nyingi zilitengenezwa tofauti na za upande wa pili. Fundi azitie alama kabla ya kuzitoa.

Kupinda springi upya. Majani ya zamani yanarudishiwa tao. Swali la kumuuliza fundi ni moja: "Unapinda baridi, au unatia moto?" Chuma cha springi kilipewa nguvu yake kiwandani kwa moto uliopimwa na kupoozwa kwa kipimo. Ukikiweka kwenye makaa hadi kiwe chekundu kisha ukakiacha kipoe chenyewe, ile nguvu imekwisha. Springi itakuwa na tao zuri wiki ya kwanza, halafu italala tena. Kupinda baridi ni afadhali, ingawa nayo haidumu kama springi mpya.

Kuongeza jani. Jani moja likiongezwa linainua gari na kulifanya gumu. Kwa gari la kubeba mazao kila siku, sawa. Lakini gari likiwa tupu litaruka kama mbuzi. Mkumbuke mgonjwa anayelazwa nyuma, au mama mjamzito, ambaye kila shimo litampiga mgongoni. Mkutano uamue: gari hili ni la magunia zaidi au ni la watu zaidi?

Sheko ndefu. Fundi wa juakali anaweza kuzikata kwa saa moja, ndiyo maana zinapendwa. Lakini sheko inainua mwisho mmoja tu wa springi, kwa hivyo ukiirefusha inchi 2 gari linapanda inchi 1. Tena inainamisha ekseli. Ikifanywa mbele, pembe ya magurudumu inabadilika. Kwa Land Cruiser za zamani ambazo sheko iko upande wa mbele wa springi, usukani unaanza kutangatanga, gari linatafuta barabara kama mlevi. Hatuwashauri.

Kuweka vipande kati ya springi na ekseli. Kwa mbele, kamwe! Ukifunga breki, uzito wote unasukuma mbele, na kipande kinaweza kuruka. Vipande vya mbao, au vyuma kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, visiwekwe mahali popote pa gari. Fundi akiwaambia "ni kawaida, wengi wanafanya," mshukuruni kwa wakati wake mwende kwa mwingine.

6. SIKU YA KAZI

Hata kama kazi inafanywa na fundi, mjumbe mmoja wa kamati awepo. Haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza, kuzuia gari lisitembee. Breki ya mkono ya Series III haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma, pale inapotokea kwenye gia boksi. Mkiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile gurudumu kuzunguka, na breki ya mkono haishiki tena kitu. Gari linateleza kutoka kwenye jeki na kumlalia mtu. Wekeni mawe makubwa au kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Kazi ifanyike mahali tambarare na pagumu.

Pili, jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Gari likishainuka, chesi ikalie stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali na mawe yaliyorundikwa yasitumike, kwani hupasuka ghafla. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Tatu, boliti za U ziwe mpya, pamoja na nati zake. Zile za zamani zimekwisha kuvutika.

Nne, boliti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe mwisho gari likiwa hewani. Zifungwe tu kwa mkono, gari lishushwe likanyage kwa magurudumu yake, litikiswe, ndipo zikazwe. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira unajisokota na kupasuka baada ya muda mfupi, na gari linabaki likiwa limesimama juu kwa uongo.

7. UKAGUZI BAADA YA KAZI

Msilipe pesa za mwisho kabla ya kuyaona haya kwa macho yenu.

Paipu za breki. Gari liinuliwe kwa chesi hadi magurudumu yaning'inie. Mtu azungushe usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto. Paipu za mpira zisivutike wala zisiguse tairi. Paipu iliyovutika itakatika siku gurudumu litakapoingia shimoni, na hapo breki hakuna.

Shokabzoba. Magurudumu yakiwa bado yananing'inia, shokabzoba isiwe imefika mwisho wake. Ikiwa yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu, itang'oka. Shokabzoba ndefu kidogo inatakiwa.

Propela. Sehemu inayoteleza yenye meno isiwe imetoka karibu na mwisho. Mkiendesha na kusikia mtetemo ambao haukuwepo, rudini gereji.

Ile mipira ya kuzuia ekseli isigonge chesi. Iwepo yote, isiwe imeoza.

Taa. Gari likiinuka mbele, taa zinawapiga macho wenye magari na baiskeli wanaokuja. Zishusheni.

Usukani. Fundi aendeshe polepole barabara iliyonyooka, na mjumbe akiwa ndani. Gari liende sawa bila kupiganwa nalo, na usukani urudi wenyewe baada ya kona.

Baada ya kilomita 100 hivi, boliti za U zikazwe tena, na tena baada ya kilomita 500. Andikeni tarehe kwenye daftari la gari. Pimeni tena kutoka habu hadi bodi, ili mwakani mjue kama springi zinashuka.

Jambo lingine ni karatasi. Gari la kubeba abiria kwa malipo lina leseni yake na bima yake. Waambieni watu wa bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, na muulize ofisi ya NTSA kabla ya kazi. Ajali ikitokea, kikundi kisije kikaambiwa, "Gari hili si lile tulilolikatia bima."

8. MAZUNGUMZO NA FUNDI

Tunapendekeza wanakikundi wawili waigize mazungumzo haya mbele ya wenzao.

Mama Mwenyekiti: Hujambo, fundi?

Fundi: Sijambo, mama. Shikamoo. Hii gari yenu nimeiona. Nipeni siku mbili, nitaiinua hata ng'ombe apite chini.

Mama Mwenyekiti: Marahaba, mwanangu. Sisi hatuna ng'ombe wa kupita chini. Tumepima, upande wa kushoto nyuma umeshuka inchi moja na nusu kuliko kulia. Kwa nini?

Fundi: Hiyo ni springi tu, mama. Nitaweka sheko ndefu huo upande, mambo kwisha.

Mama Mwenyekiti: Kabla ya sheko, utatufungulia springi tuone majani?

Fundi: Hiyo ni kazi zaidi, lakini inawezekana.

Mama Mwenyekiti: Basi ifungue. Kama kuna jani limevunjika tubadilishe, na upande wa pili uangaliwe pia. Boliti za U mpya ni bei gani?

Fundi: Nitawaandikia.

Mama Mwenyekiti: Andika kila kitu, mwanangu, springi, bushi, boliti na ufundi, kila kimoja peke yake. Tutaleta kwa kamati. Na paipu za breki tutazitazama pamoja kabla ya malipo.

Fundi: Nyinyi akina mama mmesoma magari wapi?

Mama Mwenyekiti: Watoto wetu ndio wanaopanda hiyo gari.

9. SHERIA NDOGO ZA GARI LA KIKUNDI

Springi nzuri haiwezi kushinda mzigo mbaya. Kila kikundi chenye Landrova kijiwekee sheria zake, na ziandikwe ndani ya mlango wa dereva. Twapendekeza hizi:

(1) Vitu vizito vikae sakafuni, katikati ya gari, mbele ya ekseli ya nyuma kama inawezekana. Darini viende vitu vyepesi tu, kama vikapu vitupu au magodoro.

(2) Mtu haketi darini, hata kama ni kilomita moja.

(3) Kwenye mteremko, gari lipande au lishuke likielekea moja kwa moja. Likilazimika kupita kwa ubavu, abiria washuke watembee. Hakuna aibu ya kutembea.

(4) Mahali pabaya dereva ashuke apaangalie kwa miguu kwanza. Pale penye mifereji, magurudumu yapite juu ya matuta, si ndani ya mifereji, ili difu isilime.

(5) Dereva akisema mzigo umezidi, hata mwenyekiti hambishii.

Tena msisahau jembe. Sehemu mbaya ya barabara mara nyingi ni mita chache tu, pale pale kila mwaka. Siku moja ya kazi ya pamoja, kuchimba mtaro wa maji pembeni na kujaza mawe kwenye mifereji, yaweza kulifaa gari kuliko springi mpya. Tena inamfaa na mwenye baiskeli, na mwenye punda.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gari letu linagusa ardhi kwa sehemu gani hasa: difu, chesi, bampa au ekzosi? Je, kuinua springi kutasaidia sehemu hiyo?

2. Katika mwezi uliopita gari limebeba nini zaidi, watu au mizigo? Kwa hivyo tunahitaji springi laini au ngumu?

3. Ni nani mwenye ruhusa ya kukataa mzigo? Je, anasikilizwa kweli, au tunamzomea?

4. Kama pesa tulizo nazo zinatosha jambo moja tu, tuchague lipi: springi, tairi, paipu za breki, au kutengeneza barabara? Kila mmoja atoe sababu.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Wachagueni watu watatu, mmoja wao awe mama na mmoja kijana. Wapime gari kwa magurudumu yote manne, watazame springi zote, waulize bei kwa mafundi watatu tofauti, kisha walete ripoti ya ukurasa mmoja. Mtu yeyote asitoe pendekezo la kuinua gari hadi ripoti hiyo isomwe. Mkishaisoma, mtajua kama mnahitaji inchi mbili, inchi moja, au brashi ya waya na grisi tu.